Kingamwili za kugundua protini zenye lebo: maswali ninayoulizwa kila mwaka maabarani, Lubumbashi

Mimi ni laborantine, yaani fundi wa maabara. Kila mwaka napokea wanafunzi wanaokuja kufanya memwari, yaani andiko la utafiti la kumaliza masomo: wengine wa biolojia, wengine wa udaktari, wengine wa udaktari wa mifugo. Wanafika na plasmidi yao, yaani DNA ya mviringo inayobeba jeni wanayoichunguza, kwenye kitubu kidogo, wamefurahi, na baada ya wiki mbili wanaanza kunigongea mlango. Maswali yao yanafanana mno, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa. Kwa wasioyazoea maneno haya: kingamwili ni protini ya kinga inayoshika kitu maalumu, ile ambayo walimu wetu huku huita antikori.

Lebo ni nini, na kwa nini tuibandike kwenye protini?

Seli moja ina maelfu ya protini. Wewe unatafuta moja tu. Ungeweza kutengenezewa kingamwili inayoitambua protini hiyo peke yake, lakini kazi hiyo inakula miezi, wanyama na pesa, na mwisho wake kingamwili yenyewe inaweza isifanye kazi. Njia fupi ni kuongeza kipande kidogo kwenye jeni, ili seli ikitengeneza protini, itoke na mkia ambao tayari tuna kingamwili yake. Mkia huo ndio lebo. Ili kuiona, tunatenganisha protini kwa uzito kwenye jeli na kuzihamishia kwenye utando; kingamwili ya kwanza inashika lebo, ya pili, inayobeba kimeng'enya cha kutoa mwanga, inashika ile ya kwanza, na protini inatokea kama mstari.

Lebo zinazozunguka sana ni chache. FLAG ina asidi amino 8, DYKDDDDK, na ilibuniwa na watu kwa kazi hii hii. HA ina asidi amino 9, YPYDVPDYA, imekatwa kutoka kwenye protini ya kirusi cha mafua. Myc ina 10, EQKLISEEDL, na asili yake ni protini ya binadamu. V5 ina 14, His ni histidini 6 zilizofuatana. Kisha kuna lebo kubwa: GST, yenye kilodaltoni 26 hivi (ndicho kipimo cha uzito wa protini), iliyotoka kwa mnyoo wa kichocho wa Asia, na GFP, yenye asidi amino 238, iliyotoka kwa yavuyavu wa baharini na inayong'aa kijani.

Hapa ndipo ninapomsimamisha kila mwanafunzi kabla hajagusa pipeti. Siku ya mechi, ukisimama Kamalondo, penye uwanja wa mpira, utaona watu mia kwa mia wamevaa nyeusi na nyeupe. Wote wana jezi ya timu ya Mazembe. Wachezaji ni kumi na mmoja. Kingamwili ya lebo inaona jezi. Haijui aliyeivaa ni nani, kama ni mzima au amekatika mguu, kama amekaa mahali pake au amepotea njia. Mambo hayo ni kazi yako kuyathibitisha kwa njia nyingine, na karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye jambo hilo.

Neno "monokloni" lina maana gani?

Umeshapima malaria kwa TDR, ile kaseti ya tone moja la damu? Basi umeshatumia kingamwili za monokloni. Ndani ya ule ukanda kuna kingamwili zinazokamata HRP2, protini ya kimelea cha *Plasmodium falciparum*. Kipimo cha mimba nacho kinafanya kazi hivyo hivyo.

Mnyama akichomwa antijeni, yaani kitu kigeni kinachoamsha kinga, mwili wake hutoa mchanganyiko wa kingamwili nyingi, kila moja ikishika sehemu tofauti. Hizo ni za polikloni, na mnyama mwingine atakupa mchanganyiko mwingine. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge waliunganisha seli za wengu wa panya aliyepewa antijeni na seli za saratani ambazo hazichoki kugawanyika. Seli iliyozaliwa, haibridoma, inatoa kingamwili ya aina moja tu, na inaendelea kuishi. Unaitenga moja peke yake, unailea, na watoto wake wote wanatoa kingamwili ile ile. Walipewa Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne.

Ndiyo maana chupa ina jina la kloni, yaani ukoo huo wa seli moja: M2 kwa FLAG, 9E10 kwa Myc, 12CA5 kwa HA. Jina hilo lina uzito kuliko jina la duka lililokuuzia. Siku hizi nyingi zinatengenezwa kutoka kwenye mfuatano wa jeni ya kingamwili yenyewe, bila kutegemea haibridoma ya zamani. Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua hizo, kwa sababu chupa ya mwaka huu itafanana na ya mwaka ujao.

Niongeze jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui, nami nalisema kwa fahari. Ansuvimab, mojawapo ya dawa mbili za kingamwili za Ebola zilizoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2020, ilianzia kwenye damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Profesa Jean-Jacques Muyembe na INRB, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba, walikuwa katikati ya kazi hiyo, hadi majaribio ya Beni na Butembo. Mtu asikuambie kwamba kingamwili za monokloni ni habari za watu wa mbali.

Nichague lebo gani?

Kwanza niambie unataka kuifanyia nini protini yako, na itatengenezwa ndani ya seli gani.

Ukitaka kuisafisha kwa wingi kutoka kwa bakteria, His ni rahisi na bei yake inavumilika, kwa kuwa histidini hushikamana na nikeli iliyobandikwa kwenye shanga ndogo. Lakini kwa kuigundua ndani ya mchanganyiko mzima wa seli, His si chaguo langu la kwanza. Protini nyingine nazo zina histidini za kutosha. Ndani ya *E. coli* kuna SlyD, ambayo inapanda kwenye nikeli bila kualikwa na kukuachia mstari wa karibu kilodaltoni 25 kila mara. Tena kingamwili za His hazifanani: kuna zinazotaka histidini ziwe mwishoni kabisa mwa protini, na kuna zinazozikubali popote.

Mwanafunzi mmoja alikuja na mpango wa kutengeneza HRP2 ya malaria yenye lebo ya His. Nilimwomba anisomee mfuatano wa protini kwa sauti. Alanini, histidini, histidini, alanini, histidini, histidini… Alifika mstari wa pili akanyamaza. HRP2 imejaa histidini kwa asili yake, hata jina lake linasema hivyo. Inashika nikeli bila lebo yoyote, kwa hiyo asingeweza kutofautisha protini yenye lebo na isiyo nayo. Alibadilisha akaweka FLAG. Dakika ishirini za kusoma mfuatano zilimwokolea miezi.

Ukifanya kazi na seli za binadamu, kumbuka kwamba 9E10 inaitambua Myc ya binadamu ambayo seli inayo tayari. Utaona mstari hata pale ambapo hukuweka kitu. HA ni nzuri sana, ila seli zikiwa zinajiua, vimeng'enya vyao vya kaspasi vinaweza kuikata lebo hiyo. Mimi FLAG ndiyo nimeizoea kwa seli za wanyama, na kwa protini dhaifu naomba FLAG tatu mfululizo ili ishara iwe kali.

Halafu mahali pa lebo. Kama protini yako inatolewa nje ya seli, mwanzo wake una kipande cha anwani ambacho seli hukikata njiani. Ukiweka lebo mbele ya kipande hicho, itatupwa pamoja nacho, na wewe utakaa unatafuta protini iliyokwisha kuvua jezi.

Je, lebo inaweza kuiharibu protini?

Inaweza. Lebo fupi mara nyingi haisumbui, lakini "mara nyingi" si ushahidi. Tengeneza matoleo mawili, moja lenye lebo mwanzoni na jingine mwishoni, uone kama yote yanafanya kazi ile ile. GFP ni kubwa kuliko protini nyingi ndogo inazobandikwa. Hapo mzigo unamzidi mbebaji.

Mama, mbona sioni mstari wowote?

Nauliza kwa mpangilio huu, na sikubali turuke.

Je, protini zilihama kutoka kwenye jeli hadi kwenye utando? Paka rangi nyekundu ya Ponceau kabla ya maziwa yanayoziba nafasi tupu za utando. Inatoka kwa maji na haidhuru kitu. Kama utando ni mweupe, kosa liko kwenye kuhamisha. Utando wa PVDF hauloweki bila methanoli. Ukiuacha mkavu, protini hazishiki.

Je, kidhibiti chanya kimeonekana? Hapa nazungumzia protini nyingine yenye lebo ile ile, ambayo tunajua inafanya kazi. Kama nacho hakionekani, shida iko kwenye kingamwili, kwenye kingamwili ya pili, au kwenye kemikali ya mwanga. Kama kinaonekana, shida ni protini yako. Swali hili moja linagawanya dunia mara mbili, na ndiyo sababu natunza kidhibiti hicho kwenye friza kwa vitubu vidogo vidogo.

Je, kuna azidi ya sodiamu kwenye bafa yako, yaani mmumunyo unaofanyia kazi? Azidi inazuia bakteria, lakini inaiua peroksidasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga. Iliyomo kwenye chupa ya kingamwili ya kwanza haina neno, kwa sababu utaiosha. Ukiichanganya na kingamwili ya pili yenye peroksidasi, umejizimia taa mwenyewe.

Je, lebo imo kwenye fremu sahihi ya jeni? Herufi moja ikizidi au ikipungua, seli inasoma maneno mengine kabisa. Usiniambie "nadhani". Nionyeshe mfuatano.

Na kama kwenye jeli mstari unaonekana lakini kingamwili haiikamati protini ikiwa nzima ndani ya bafa, huenda lebo imefichwa katika mkunjo wa protini. Kwenye jeli tunaikunjua kwa joto na sabuni, hivyo kila kitu kiko wazi. Ndani ya bafa ya kawaida, si lazima. Hamishia lebo upande wa pili, au weka kiungo kifupi cha glisini na serini kati ya lebo na protini.

Kuko mistari mingi. Wa kwangu ni upi?

Swali hili limenitoa machozi mara moja, kwa hiyo nalijibu kwa urefu.

Tulikuwa na msichana makini sana, daftari lake safi kuliko langu. Alivuta protini yake kutoka kwenye seli kwa kingamwili ya FLAG, akapitisha jeli, akapata mstari mnene, mzuri, kwenye kilodaltoni 50. Protini yake ilitarajiwa kuwa na 48. Alifurahi, nami nikafurahi naye. Wiki tatu alijenga juu ya mstari ule: akabadilisha chumvi, akabadilisha muda, mstari ukakaa palepale, mnene vilevile. Kukaa palepale ndiko kulikoanza kunitia wasiwasi. Siku moja nilimwomba apakie kishimo kimoja chenye kingamwili na shanga zake peke yake, bila seli hata moja. Mstari ukatokea. Kilodaltoni 50, mnene, mzuri.

Kingamwili ya aina ya IgG ina kilodaltoni 150 hivi. Ukiichemsha na kuikata viungo vyake, inatoa minyororo mizito ya 50 na minyororo miepesi ya 25. Kingamwili aliyovutia protini ilikuwa ya panya, na kingamwili ya pili aliyogundulia ilikuwa ya kukamata za panya. Kwa hiyo ilikamata ile ile ya kwanza. Protini yake, baadaye tuligundua, haikuwa inatengenezwa kabisa.

Dawa yake ipo: vutia kwa kingamwili ya panya, gundulia kwa ya sungura, au tumia kingamwili ya kwanza iliyounganishwa moja kwa moja na peroksidasi. Vilevile, ukifanya kazi na tishu za panya, kingamwili ya panya italeta taabu hiyo hiyo, maana tishu zina kingamwili zake.

Mistari mingine ina sababu nyepesi zaidi. Mistari midogo chini ya mkubwa mara nyingi ni protini iliyovunjika: fanya kazi juu ya barafu na weka vizuizi vya protiesi. Uchafu wa jumla unasema kingamwili imezidi. Ishushe, mfano kutoka 1:1000 hadi 1:5000, kabla ya kulaumu kitu kingine.

Vidhibiti vingi hivi ni vya lazima kweli? Kingamwili ni ghali.

Ni vya lazima. Rudi kwenye TDR: kuna mstari T wa kipimo na mstari C wa kidhibiti. Mstari C hauna habari na malaria. Kwa kawaida unakamata tu kingamwili zilizopita, kuonyesha kwamba damu ilitembea na kipimo ni kizima. Muuguzi wa kituo chochote cha afya hapa mjini anajua kwamba C isipotokea, kaseti inatupwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu asikubali chini ya hapo.

Kwa kila jeli nataka seli zile zile zisizo na protini yenye lebo, protini nyingine yenye lebo inayojulikana, na protini ya kawaida ya seli ya kuonyesha kwamba ulipakia kiasi sawa kila kishimo. Mara ya kwanza unapotumia kingamwili mpya, ongeza ukanda uliopata kingamwili ya pili peke yake.

Na usisahau upande wa pili wa kutoona. Kuna vimelea vya malaria vilivyopoteza jeni ya HRP2, na TDR haivioni ingawa mgonjwa anaumwa. Vilielezwa kwanza Peru, na Eritrea ililazimika kubadilisha vipimo vyake mwaka 2016. Kingamwili ikinyamaza, imesema tu kwamba haikukuta ilichofundishwa kukamata.

Umeme ulikatika usiku kucha. Kingamwili zimekufa?

Tulia. IgG ni protini ngumu. Kifurushi chetu kimewahi kushuka Luano, uwanja wetu wa ndege, barafu ikiwa imeyeyuka yote, na kingamwili ikafanya kazi miaka miwili. Kukaa saa chache kwenye joto la chumba hakuiui. Kinachoiua ni kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka, na hilo ndilo linalotokea kwenye friza lililojaa nusu umeme wa SNEL, kampuni ya umeme, unapokwenda na kurudi.

Kwa hiyo siku chupa inapofika, gawa. Vitubu vya mikrolita 10 hadi 20, si chini ya 10, maana kidogo mno kinakauka na kushika ukutani. Kimoja kikae frijini kwa kazi ya mwezi, vingine frizani. Zile zilizohifadhiwa kwenye gliseroli ya nusu kwa nusu hazigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na kwa mji wetu hiyo ni baraka. Ukiweza kuagiza hivyo, agiza. Zilizounganishwa na peroksidasi usizigandishe. Zenye rangi ya kung'aa zifunge kwa karatasi ya alumini, mwanga unazila.

Sisi tunajaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji ya chumvi yaliyoganda. Umeme ukienda, hakuna anayeruhusiwa kufungua mlango "kuangalia tu".

Maziwa ya dukani yanafaa?

Yanafaa, asilimia 5, mradi yasiwe na mafuta. Maziwa mengi ya unga ya sokoni ni ya mafuta kamili, na utando utatoka na madoa kama shati la fundi wa magari. Soma kopo. Tengeneza asubuhi, tumia siku hiyo hiyo. Kwa lebo ya Strep inayogunduliwa kwa streptavidini, acha maziwa kabisa: yana biotini, ambayo streptavidini huishika, nayo itaziba njia. Tumia albumini ya ng'ombe.

Naweza kuitumia tena kingamwili niliyokwisha kuzimua?

Ya kwanza, ndiyo, mara kadhaa, ukiiweka frijini na azidi kidogo, na ukiandika kwenye kitubu ni mara ya ngapi. Ya pili yenye peroksidasi, hapana.

Lakini akiba kubwa iko kwenye ujazo. Chupa ya mikrolita 100, kwa 1:1000 ndani ya mililita 10, inakupa tando 10. Kata utando ubaki sehemu unayoihitaji, ufunge kwenye mfuko mdogo wa plastiki uliobanwa kwa joto, mililita 2 zinatosha: chupa ile ile inafika tando 50. Toa viputo vya hewa tu, maana kila kiputo kinaacha doa jeupe la mviringo pale ambapo mstari wako ungekuwa.

Nataka kuitoa protini kwenye shanga bila kuichemsha. Inawezekana?

Kwa FLAG, mimina peptidi ya FLAG iliyo nyingi, itashindana na protini yako na kuisukuma nje. Kwa His, imidazoli, mara nyingi milimola 250 kwa lita. Usiweke EDTA kwenye bafa ya His, itang'oa nikeli yenyewe, na shanga za buluu zitageuka nyeupe mbele ya macho yako.

Nimwage wapi mabaki yenye azidi?

Si kwenye sinki! Azidi ya sodiamu ni sumu, na ikikaa ndani ya mabomba ya shaba au risasi hujenga chumvi zinazolipuka. Hapa tunaishi juu ya shaba, na majengo mengi ya zamani yana mabomba yake. Kuna dumu la plastiki lenye maandishi mekundu chini ya meza yangu. Ndimo.

Niandike nini kwenye memwari?

"Tulitumia kingamwili dhidi ya HA" haitoshi, na nimeona kazi nzuri zikirudishwa kwa sababu ya sentensi hiyo. Mtu wa Bukavu au Kinshasa akitaka kurudia kazi yako, anahitaji kujua aagize nini. Andika lebo na mfuatano wake, iko upande gani wa protini, jina la kloni, mnyama na aina ya kingamwili, mtengenezaji na namba ya bidhaa, namba ya toleo iliyo ubavuni mwa chupa, kiasi ulichozimua, muda na joto, na kingamwili ya pili kwa ukamilifu ule ule. Weka picha ya utando mzima kwenye viambatisho, pamoja na vidhibiti, hata kama ina madoa. Namba ya toleo inaandikwa kwa wino mdogo unaofutika kwa pombe, kwa hiyo inakili daftarini siku chupa inapofika, kabla hujavaa glavu.